Michael Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyetuachia kipimo cha metali ya kuchovya

WAPASUAJI mbao wa Mafinga na Sao Hill wanaijua hasara hii. Msumeno wa mnyororo unapoteza nguvu, fundi anaufungua, na ndani ya silinda anakuta mikwaruzo mirefu inayoshikika kwa ukucha. Silinda hiyo ni ya alumini, ambayo ni laini. Kilichokuwa kikihimili msuguano wa pistoni miaka yote si alumini yenyewe, bali ngozi ya kromu au nikeli iliyochovywa ndani yake, ambayo unene wake ni kama unywele wa mtu. Ngozi hiyo ikitoka, silinda imekwisha.

Mkulima wa kahawa wa Rungwe naye ana hasara ya namna yake. Chombo cha alumini kilichochanganyiwa mrututu kikaachwa bila kuoshwa huota madoa na unga, kisha siku moja hutoboka.

Mambo haya mawili yanatufikisha kwa mtu mmoja aliyefariki dunia zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jina lake ni Michael Faraday. Waliopita sekondari wanalikumbuka kutoka katika somo la fizikia, lakini si wengi wanaojua kuwa alikuwa mtoto wa mhunzi maskini, wala kwamba kanuni aliyoigundua ndiyo inayomwezesha mteja kujua kama amechovewa kitu chake sawasawa au amepakwa mng’aro tu.

Mkate mmoja kwa wiki

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, mahali paitwapo Newington Butts, ambapo sasa ni sehemu ya kusini ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama na familia yake kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta kazi mjini. Afya yake ilikuwa mbaya na siku nyingi alishindwa kusimama mbele ya moto na fuawe.

Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipopanda sana, familia hiyo iliishi kwa shida kubwa. Inasimuliwa kuwa Michael, akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1804, akiwa na miaka 13, aliajiriwa kuwa mtumwa-barua katika duka la George Riebau, aliyeuza na kujalidi vitabu. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua kuwa mwanagenzi kwa miaka saba bila kumtoza ada, kwa sababu alikuwa ameridhika na kazi yake.

Vitabu alivyopewa kujalidi, Faraday alivisoma. Katika kimoja alikuta maelezo marefu kuhusu umeme. Kingine kilikuwa kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mwanamke aliyeandika kwa lugha nyepesi kwa watu wasio wasomi. Kwa senti alizozipata alinunua chupa na vifaa vidogo, akawa anajaribu mwenyewe yale aliyoyasoma, ili aone kama ni kweli.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara minne ya Sir Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote nchini humo, katika taasisi ya Royal Institution. Kijana huyo aliandika kila alichosikia, akachora michoro, akakijalidi kitabu chake vizuri na kumpelekea Davy akiomba kazi yoyote ile.

Nafasi haikuwapo. Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na Davy akamkumbuka kijana wa vitabu. Machi 1, 1813, Faraday alianza kazi kwa mshahara wa shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki, pamoja na vyumba viwili vya kulala juu ya jengo.

Alitendewa kama mtumishi

Oktoba mwaka huo Davy alifunga safari ndefu ya Ulaya na kumchukua msaidizi wake. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, hivyo Faraday akaombwa ashike na kazi hiyo kwa muda. Muda huo ukawa safari nzima. Mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa ndani, na kijana huyo alifikia hatua ya kutaka kuacha yote na kurudi nyumbani.

Alivumilia. Paris alimwona Ampère, ambaye jina lake ndilo tunalolisoma leo kwenye betri na chaja tunaposema ampea. Milan alikutana na mzee Volta, mtengenezaji wa betri ya kwanza, ambaye jina lake limetupatia volti. Aliporudi London mwaka 1815 alikuwa amepata elimu ambayo hakuna chuo kilichompa.

Baadaye alifanya kazi na James Stodart, mtengenezaji wa visu na vifaa vya madaktari wa upasuaji. Walitaka chuma cha pua kilicho bora zaidi, na mwaka 1820 walitoa taarifa ya majaribio yao. Miongoni mwa waliyojaribu ni kuyeyusha chuma pamoja na nikeli, wakiiga chuma kinachoanguka kutoka angani. Msomaji aliyewahi kufika kwenye kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ameuona mchanganyiko huo kwa macho yake. Jiwe lile ni chuma kwa asilimia 90 hivi, na karibu asilimia 9 ni nikeli.

Meli zilizopona zikaelemewa

Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilikuwa na tatizo la fedha nyingi. Matumbo ya meli za kivita yalifunikwa kwa mabamba ya shaba, na maji ya bahari yalikuwa yakiyala. Davy, akisaidiwa na Faraday, aligundua dawa yake. Kipande kidogo cha zinki au chuma kikigusanishwa na shaba, kinaliwa chenyewe na shaba inabaki salama.

Kinga ilifanya kazi. Hata hivyo, shaba iliyoacha kuliwa iliacha pia kutoa sumu iliyokuwa ikifukuza viumbe vya baharini. Kome na magugu wakajishikiza kwenye meli, zikawa nzito na za polepole, na mpango ukaachwa. Ilikuwa aibu kubwa kwa Davy.

Kanuni yenyewe lakini ilikuwa sahihi, na ndiyo inayolinda nyumba zetu. Bati la kuezekea ni chuma kilichofunikwa kwa zinki. Hata likikwaruzwa kidogo, zinki ya pembeni inaliwa kwanza na chuma kinapona kwa muda. Kinyume chake pia ni kweli. Alumini ikifungwa kwa bolti ya shaba mahali penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Mrututu nao ni chumvi ya shaba. Unapokaa kwenye chombo cha alumini, hasa maji yakiwa na chumvi nyingine, shaba inaganda na alumini inayeyuka.

Katika mwaka huo huo wa 1824 jina la Faraday lilipigiwa kura katika chama cha wanasayansi cha Royal Society. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametengeneza kifaa cha kwanza kilichozunguka kwa nguvu ya umeme, na kukawa na minong’ono kwamba ameiba wazo la mwenzake. Davy, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa chama hicho, alipinga asichaguliwe. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, na mwalimu hakupenda. Faraday alichaguliwa, na hakuacha kumheshimu Davy.

Kipimo chapatikana

Agosti 29, 1831, Faraday aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku na waya. Mitambo ya Mtera, Kidatu na Kihansi, inayozungushwa kwa maji ya mito ya nyanda zetu, inafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Baada ya hapo, kati ya mwaka 1832 na 1834, aligeukia jambo linalotuhusu zaidi leo. Ilikuwa inajulikana kwamba umeme ukipitishwa katika maji yenye chumvi ya metali, metali hiyo huganda kwenye kipande kimojawapo kilichotumbukizwa. Hakuna aliyejua ni kiasi gani, wala kwa nini siku nyingine iligande nyingi na siku nyingine kidogo.

Faraday alitengeneza chombo cha kupimia umeme uliopita kwa kukusanya gesi iliyotoka kwenye maji. Alibadilisha ukubwa wa vyombo, ukali wa dawa na nguvu ya betri. Jibu lilikuwa lile lile. Metali inayoganda inalingana na umeme uliopita. Umeme ukiwa mara mbili, metali ni mara mbili. Na kila metali ina kiwango chake kisichobadilika.

Kwa vile hapakuwa na majina ya mambo hayo, mwaka 1834 alishauriana na msomi William Whewell, wakachagua maneno ambayo watoto wetu wanayakariri hadi leo: anodi, kathodi, ayoni.

Wenye biashara hawakuchelewa. Mwaka 1840 ndugu wawili wa ukoo wa Elkington, huko Birmingham, walipata hataza ya kuchovya fedha na dhahabu kwa umeme. Mwaka 1844 katika mji huo huo ilitengenezwa mashine ya kuzalisha umeme kwa kanuni ya Faraday, kwa ajili ya kazi hiyo ya kuchovya. Cheni na hereni za kuchovya zinazouzwa leo Mwanjelwa ni wajukuu wa biashara hiyo.

Faraday mwenyewe hakuchukua hataza wala hisa. Alikuwa na kazi za ushauri zilizomlipa vizuri, lakini katika miaka hiyo alizipunguza ili apate muda wa utafiti.

Alumini na ukaidi wake

Katika ujana wa Faraday, alumini haikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Davy aliipa jina kabla haijapatikana. Kipande cha kwanza kilipatikana mwaka 1825 kwa mkono wa Oersted, raia wa Denmark, na kwa miaka mingi ilikuwa adimu sana. Mwaka 1886, karibu miaka 20 baada ya Faraday kufariki, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipata njia ya kuitoa kwa umeme. Bei ikaporomoka, na ndiyo maana leo kila jiko lina sufuria.

Alumini hujilinda yenyewe. Ikiguswa na hewa huota ngozi nyembamba sana isiyoonekana, ambayo huizuia isiendelee kuliwa. Lakini ngozi hiyo haistahimili tindikali, magadi wala chumvi nyingi, na haisaidii kitu mbele ya msuguano.

Tatizo ni kwamba ngozi hiyo hiyo inakataa kuchovywa. Nikeli ikigandishwa juu yake haishiki, itabanduka kama rangi iliyopakwa juu ya vumbi. Kwa hiyo kipande cha alumini huondolewa mafuta, kisha ngozi yake huondolewa kwa dawa, halafu hutumbukizwa katika dawa yenye zinki. Zinki inakaa mahali pa ngozi ile kabla haijaota tena. Juu ya zinki ndipo huja shaba au nikeli.

Ipo pia njia isiyotumia umeme, iliyopatikana Marekani mwaka 1946 na Abner Brenner na Grace Riddell. Nikeli huganda yenyewe ndani ya dawa ya moto na kuenea sawasawa hata kwenye pembe na matundu. Nayo huanza kwa matayarisho hayo hayo.

Hesabu ya mteja

Hapa ndipo kipimo cha Faraday kinapoingia mfukoni. Ampea moja ikipita kwa saa moja haiwezi kugandisha zaidi ya gramu 1.1 ya nikeli. Kwa zinki ni kama gramu 1.2. Hakuna fundi wala mashine inayoweza kuongeza hapo.

Chukua bamba la sentimita 10 kwa 10 linalochovywa upande mmoja. Kwa ampea moja na saa nzima litapata nikeli yenye unene wa maikroni 12 hivi. Maikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Ukiambiwa bamba hilo hilo limechovywa kwa ampea hiyo kwa dakika 10, limepata maikroni mbili tu. Litang’aa siku ya kulichukua, lakini halitavumilia mbolea, jasho wala msuguano.

Fundi hawezi pia kukwepa kwa kuongeza umeme kupita kiasi. Metali ikiganda kwa haraka mno huwa na chembechembe, hukwaruza na kubanduka. Kitu kilichochovywa vizuri kinahitaji muda, na muda ndio unaolipiwa.

Kwa hiyo unapopeleka kipande kuchovywa, uliza mambo matatu: ni metali gani, unene wake ni maikroni ngapi, na alumini imetayarishwaje kabla. Kama una maikromita, pima kipenyo kabla na baada. Shafti iliyopata maikroni 12 kila upande itaongezeka kiasi cha milimita 0.024. Asiyeweza kujibu maswali hayo anauza mng’aro.

Kwa wenye misumeno, silinda iliyochovywa haichongwi upya ili iingie pistoni kubwa zaidi, kama inavyofanyika kwa silinda ya chuma. Ukiichonga unaondoa kile ulichokinunua. Usiisugue kwa msasa mkavu. Changanya mafuta na petroli kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza na safisha chujio la hewa, kwani vumbi la mbao ni adui wa ngozi hiyo. Unaponunua silinda mpya, angalia kingo za matundu yake kwenye mwanga. Kama kuna mahali pameanza kumenyeka, rudisha.

Kwa wakulima, changanyia mrututu na dawa nyingine za kopa kwenye ndoo ya plastiki. Osha bomba la kupulizia mara baada ya kazi, na weka washa ya mpira au plastiki kila mahali ambapo shaba inakutana na alumini.

Tahadhari ya mwisho ni kwa vijana wanaotaka kuanza kazi hii nyuma ya nyumba. Baadhi ya dawa za kuchovya zina sianidi na nyingine zina tindikali ya kromu, ambazo ni sumu kali. Anayezimwaga kwenye mtaro anazipeleka kwa mkulima anayetumia maji hayo huko chini. Kazi hii inahitaji mafunzo, na mahali pa kuanzia kuuliza ni SIDO na VETA.

Alikataa ukubwa

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1830 Faraday alisumbuliwa na kizunguzungu na kusahau, akalazimika kupumzika kwa muda mrefu. Alirudi kazini mwaka 1845 na kugundua mengine. Mihadhara ya Krismasi kwa watoto, iliyoanzishwa katika Royal Institution mwaka 1825, aliitoa mara 19. Ule wa mwisho ulihusu mshumaa tu, na ukawa kitabu kinachosomwa hadi leo.

Alipewa nafasi ya kuwa rais wa Royal Society, akakataa. Alipewa cheo cha Sir, akakataa.  Alikuwa muumini wa dhehebu dogo la Kikristo lililofundisha kutojilimbikizia mali, na aliishi hivyo.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court. Alifariki humo Agosti 25, 1867, akiwa na mkewe Sarah waliyeoana mwaka 1821. Hawakujaliwa mtoto. Kwa matakwa yake alizikwa bila sherehe katika makaburi ya Highgate, mahali pa watu wa kawaida, na si pamoja na wafalme.

Hakuacha kiwanda wala urithi wa fedha wa kuzungumzwa. Aliacha kipimo ambacho mnunuzi wa Mafinga anaweza kukitumia sawa na mwenye kiwanda wa Birmingham. Ukiambiwa kitu kimechovywa, uliza ni ampea ngapi na kwa saa ngapi, kisha piga hesabu kabla hujatoa hela.